Mali ya Wote ni Mali ya Nani?

Neno "mali ya umma" twalitamka kwa wepesi sana. Twalisikia katika hotuba, twaliona limeandikwa ukutani mwa ofisi, na watoto wetu wafundishwa shuleni kwamba mali ya umma yapasa kulindwa. Lakini ni wachache wanaojiuliza maana yake. Kitu kikiwa cha wote, ni cha nani hasa? Je, ni changu na chako, kama jembe lililo nyuma ya mlango lilivyo la mwenye nyumba? Au ni cha Serikali, nasi tu watazamaji tu? Au pengine si cha mtu ye yote, na kwa hiyo anayekifikia kwanza ndiye anayekichukua?

Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Ziko nchi ambamo jibu lake limeamua ni nani atakayekula na ni nani atakayelala na njaa. Ili tulione vizuri, twawaomba wasomaji wetu watufuate mpaka Katanga, kusini mwa Kongo. Watu wa huko wasema Kiswahili kama sisi, ingawa kwa namna yao, na shaba yao yapita katika barabara zetu kwenda bandari ya Dar es Salaam. Huko iko kampuni ya Serikali iitwayo Gécamines. Habari zake zatosha kuwa somo la maadili kwa ye yote anayetaka kujua mali ya wote ni kitu gani.

SHABA KABLA YA KAMPUNI

Watu wa Katanga hawakufundishwa shaba na wageni. Karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kufika, mafundi wao walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakamimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha yao. Walinunulia vitu, na waliwazika wafu wao pamoja nayo. Mfalme Msiri, aliyetoka kwa Wasumbwa wa Unyamwezi, akajenga dola lake huko Bunkeya juu ya biashara ya shaba, pembe za ndovu, na kwa huzuni twasema, watumwa pia. Mwezi wa Desemba 1891 aliuawa na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na nchi ikatwaliwa pamoja na kilichomo chini yake.

Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 tanuri ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza. Kampuni hiyo iliwakusanya watu kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi. Iliwajengea nyumba, ikawapa posho ya chakula, ikafungua hospitali na shule. Ndipo wafanyakazi walipozoea kusema kwa Kiswahili chao kwamba kazi "njo baba, njo mama". Tusiidharau methali hiyo. Mtu aliyetibiwa mtoto wake katika hospitali ya kampuni alijua alichokuwa anasema.

Lakini baba huyo hakupenda kuulizwa. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Wakakusanyika katika uwanja wa mpira mjini Lubumbashi, na askari wakawafyatulia risasi, wakafa watu makumi kadhaa. Basi, walilishwa, wakavikwa, ila hawakuruhusiwa kusema neno. Yatupasa kulishika jambo hili, kwa maana tutalikuta tena mbele.

MWAKA ILIPOTAIFISHWA

Uhuru wa Kongo ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Mwaka 1966 sheria ya Bakajika ikatangaza kwamba ardhi yote na kila kilicho chini yake ni mali ya Taifa. Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière nchini Kongo zikawa za kampuni mpya ya Serikali, ambayo baadaye ikapewa jina la Gécamines. Hata jimbo la Katanga lenyewe likaitwa Shaba, kwa neno letu la Kiswahili, kuanzia mwaka 1971 mpaka 1997.

Siku zile upepo ulikuwa ukivuma hivyo kila upande. Mwezi uliofuata, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, na mabenki yakataifishwa Tanzania. Mwaka 1969 Zambia ikatangaza kuchukua sehemu kubwa ya hisa za migodi yake. Mwaka 1971 Bunge la Chile likapitisha kwa kauli moja kutaifisha shaba.

Twasema wazi kwamba dai hilo lilikuwa la haki. Hakuna mtu aliyeitengeneza shaba ya Katanga. Haikupandwa na ye yote, wala haikufumwa na mkono wa mtu. Mungu aliiweka pale kwa ajili ya wanadamu wote, na kwanza kabisa kwa wale wanaoishi juu yake. Haingekuwa haki kwamba mlango wake ufungwe kwa ufunguo ulioko Brussels, na mwenye nchi abaki kuwa kibarua nyumbani kwake.

Lakini haki ya kudai kitu ni jambo moja, na namna ya kukimiliki ni jambo jingine. Mtu aweza kushinda kesi ya shamba mahakamani, kisha akaliacha limee magugu. Hapo ndipo swali letu linapoanza.

MTI ULIOLIWA MIZIZI

Kazi ya shaba si kuchimba tu. Mawe yasagwa yawe unga. Unga waoshwa kwa maji na dawa ili madini yatengwe na udongo. Kisha ama wayeyushwa katika tanuri, ama wayeyushwa kwa tindikali, na mwishowe umeme wapitishwa ndani ya maji yale mpaka shaba safi inajibandika juu ya mabamba. Kwa kazi hiyo Gécamines ilikuwa na viwanda Lubumbashi, Shituru huko Likasi, na Luilu huko Kolwezi. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, na iliiletea nchi zaidi ya nusu ya fedha zake za kigeni.

Mwaka 1994 hata tani 40,000 hazikufika.

Limetokea nini? Tusiwe wepesi wa kuhukumu, maana mengine hayakuwa makosa ya mtu wa Kongo. Bei ya shaba duniani ilianguka mwaka 1974 na 1975. Mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela, njia fupi ya kufikia bahari. Mwaka 1977 na 1978 vita vikaingia Shaba kwenyewe mpaka Kolwezi. Kampuni bora kuliko zote ingeyumba kwa mapigo hayo.

Lakini kuyumba si kuanguka. Sababu kubwa ilikuwa kwamba fedha za kampuni zilikwenda Kinshasa kwa matumizi ya watawala, na hazikurudi kununua mashine. Mwaka 1976 Rais Mobutu mwenyewe alisema katika hotuba ya hadhara kwamba mwenye kutaka kuiba, na aibe kidogo na kwa akili. Baba anapowafundisha wanawe hivyo, ni kitasa gani kitakachoilinda nyumba? Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya kati ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ikaporomoka. Mwaka 1991 askari wakapora mali. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao mafundi stadi wa migodi na reli, wakafukuzwa kwa chuki za kikabila.

Hapa tupumzike kidogo tufikiri. Mtu akiiba mbuzi wa jirani, kijiji chote chamkimbilia. Mtu akila fedha zilizowekwa kwa ajili ya kukarabati pampu ya mgodi, jamaa zake wamwita mjanja, na pengine wamwomba awasaidie. Kwa nini? Kwa sababu mbuzi ana mwenyewe, na mwenyewe ana uso; asubuhi atasimama uani akilia. Pampu haina anayeililia. Itaendelea kuvuta maji mwaka mmoja, miwili, mitano. Siku itakapokufa, yule aliyekula fedha zake amekwisha kustaafu, na atakayekosa mshahara ni kijana ambaye wakati ule alikuwa bado anacheza chandimu.

Basi, kuiba mali ya wote si wizi mdogo kuliko wizi wa mbuzi. Ni mkubwa zaidi, kwa kuwa huwaibia watu wengi, na tena watu ambao hawawezi kujitetea kwa vile hawajui kwamba wanaibiwa. Anayesema, "Sikumwibia mtu, niliiibia Serikali," amejidanganya nafsi yake.

Waliolipa deni hilo ni wafanyakazi. Walikaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya 10,000 kati yao waliondoka kazini wakiwa na malipo ya mara moja tu. Watu waliokuwa na nyumba, shule na hospitali kwa mkono wa kampuni wakajikuta hawana kitu. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alitoa kitabu mwaka 2001 ambacho jina lake lawaita watu hao wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

JE, TUWAACHIE WENYE FEDHA?

Wako watakaosema: "Mwaona! Serikali haijui biashara. Migodi wapewe wenye fedha na ujuzi." Yafaa tuwajibu kwa heshima, kwa sababu hoja yao ina nguvu.

Kongo imefanya karibu hivyo. Gécamines iliingia mikataba na makampuni ya nje, ikabaki na hisa chache: asilimia 25 katika Kamoto, asilimia 20 katika Tenke Fungurume, asilimia 32 katika Sicomines iliyoanzishwa na Wachina baada ya mapatano ya mwaka 2008. Na kweli shaba imetoka. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile. Mtaji na ujuzi si maneno matupu.

Lakini uuzaji wenyewe ulikwendaje? Mwaka 2013 jopo lililoongozwa na Kofi Annan lilichunguza mikataba mitano ya madini iliyofanywa kati ya mwaka 2010 na 2012. Likasema kwamba mali ya Taifa iliuzwa kwa bei ya chini mno, hata nchi ikapoteza dola za Marekani bilioni 1.36. Mwaka 2022 kampuni ya Glencore ilikiri mahakamani kosa la kutoa rushwa katika nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwamo. Na tarehe 27 Juni 2019 zaidi ya wachimbaji wadogo 40, waliojipenyeza kuokota madini katika machimbo karibu na Kolwezi, walifukiwa na kifusi wakafa. Walifia juu ya utajiri ambao sheria yasema ni wa Taifa lao.

Twajifunza nini? Kwamba kubadili mkono unaoshika ufunguo hakutoshi. Alipokuwa mgeni, aliwalisha watu akawanyima sauti. Alipokuwa ni Serikali, aliwapa jina la wenye mali akawaficha hesabu. Alipouza, aliuza kwa siri. Ugonjwa ni ule ule mmoja: mwenye mali hakuulizwa, wala hakuambiwa.

Tuangalie Chile, ambako kampuni ya Serikali ya Codelco imedumu tangu mwaka 1976, nayo ni miongoni mwa wachimbaji wakubwa kabisa wa shaba duniani. Chile nao si malaika. Kwa sheria ya mwaka 1958 asilimia 10 ya mapato ya shaba ilikwenda kununua silaha, na sheria hiyo ilikuwa ya siri kwa miaka mingi. Ilipotangazwa hadharani mwaka 2016, watu waliisoma, wakabishana, na mwaka 2019 ikafutwa. Serikali ni ile ile, na shaba ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba jambo lilitoka gizani.

ALAMA TATU

Katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya mwanadamu, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba kuitoa mali mikononi mwa watu binafsi na kuitia mikononi mwa Serikali si kuifanya bado kuwa mali ya jamii. Wasimamizi waweza kujifanya wao ndio wenyewe. Mali yawa ya jamii kweli pale ambapo kila mtu, kwa kazi yake, aweza kujiona kuwa ni mmoja wa wenye mali hiyo.

Basi, twathubutu kulijibu swali tuliloanza nalo. Mali ya wote si ya Serikali, wala si ya asiye na mwenyewe. Ni ya watu, nayo imewekwa amana kwa Serikali. Na amana ina mwenyewe aliye hai. Tutajuaje kwamba watu ni wenye mali kweli, wala si kwa jina tu? Ziko alama tatu.

Ya kwanza ni kujua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye shamba asiyejua magunia mangapi yamevunwa si mwenye shamba. Mkataba unaofichwa kwa mwenye mali wapasa kushukiwa hata kabla haujasomwa.

Ya pili ni kupata. Tunda lapasa kumfikia mwenye mti, wala si kwa fedha mkononi tu, bali kwa zahanati yenye dawa na shule yenye madawati. Tena wenye mali si sisi tulio hai tu. Mahindi huota tena mwakani, lakini shaba ikichimbwa imekwisha. Kwa hiyo wajukuu wetu wana sehemu yao ndani yake. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2018 imeagiza kwamba asilimia 10 ya mrabaha wa madini iwekwe katika mfuko wa vizazi vijavyo. Ni agizo jema, nalo litapimwa kwa utekelezaji wake.

Ya tatu ni kukataa. Mwenye mali aweza kusema hapana, na asipigwe risasi wala asiitwe adui wa nchi. Tumeona dalili za kutia moyo. Mwaka 2023 Gécamines ilidai haki yake katika Tenke Fungurume, na kampuni ya CMOC ikakubali kulipa dola milioni 800. Mwaka 2024 mapatano ya Sicomines yakafanywa upya, na fedha za kujenga barabara na majengo zikaongezwa kutoka dola bilioni 3 mpaka bilioni 7. Wakili aliyeamka ameanza kudai. Sasa na yeye aulizwe fedha hizo zimekwenda wapi.

Tarehe 31 Januari 2023, akiwa Kinshasa, Papa Fransisko aliuambia ulimwengu uondoe mikono yake juu ya Kongo na juu ya Afrika, kwa maana Afrika si mgodi wa kunyonywa. Tulifurahi sana kusikia maneno hayo, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini mikono iliyoondoa mali ya Katanga haikuwa ya wageni peke yao. Mgeni hawezi kuiba ndani bila mwenyeji kumfungulia mlango.

NYUMBANI KWETU

Msomaji aweza kusema: "Mimi sina mgodi. Habari hizi zanihusu nini?" Zakuhusu sana. Kila familia ina Gécamines yake ndogo. Ni chama cha ushirika, bomba la maji la kijiji, mfuko wa shule, hata sanduku la jumuiya. Humo ndimo tunamojifunza mali ya wote ni mali ya nani, kabla hatujapewa ufunguo wa kitu kikubwa. Kijana anayewaona wazee wakicheka kwamba ofisi ni shamba la bibi, kila mtu ajichumie, amekwisha kupata elimu yake ya uongozi. Hatutashangaa akija kuuza mgodi.

Ndiyo maana twawaomba wazazi jambo lililo gumu. Mtoto wako aliyepata kazi mjini akirudi na mali isiyolingana na mshahara wake, usimwimbie. Muulize. Huenda ukakosa bati la nyumba kwa kuuliza huko, nasi hatusemi kwamba ni hasara ndogo kwa mtu maskini. Lakini bati hilo ni dawa iliyokosekana katika zahanati ya mtu mwingine, naye ana mtoto kama wewe.

Kadhalika mkutano wa ushirika unapoitishwa, nenda. Hesabu zinaposomwa upesi upesi ili watu wakale, nyosha mkono uombe zisomwe tena polepole. Watakuona mkorofi. Vumilia. Kuuliza hesabu si kumtukana mtu. Wakili mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa maana ndipo uaminifu wake unapoonekana.

Na malori yale yapitapo barabarani yakiwa yamebeba mabamba mekundu ya shaba kuelekea bandarini, tuwafundishe watoto wetu kuyatazama vema. Mzigo ule una wenyewe. Wengine wako Kolwezi na Likasi, na wengine hawajazaliwa bado. Tuwaombee wapewe hesabu yao, nasi tudai ya kwetu.